Nani Aliyepigwa

Alianzia Ruwi, nyuma ya duka la dobi,
studio ya picha za pasipoti: stuli moja, pazia jeupe.
Usicheke. Kidevu juu. Kofia vua.
Wenye bahati waliondoka na nyuso zao nne.
Waliofumba macho walirudia,
na zile za kufumba, badala ya kuzitupa,
Shinuna alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga.

Miaka kumi na moja. Kopo likawa makopo.
Mimi nilikuwa kijana wake wa kukata karatasi.
Nilidhani bibi huyu ni bahili tu.

Kisha akazibandika ukutani, mia mbili na kumi na mbili,
wamefumba kama wanaosikiliza kitu jikoni,
na chini ya kila mmoja, kwa taipureta yenye r iliyovunjika mguu,
swali kutoka fomu za serikali:
Jina la babu.
Mahali alipozaliwa.
Lugha inayosemwa nyumbani.
Majibu aliyaacha wazi.
Bwana mmoja wa Mabela alisimama mbele ya swali la lugha,
akajifuta pua, akasema kwa sauti ndogo: "Alaa! Si hikihiki?"

Mwandishi wa gazeti akauliza: hizi ni picha au maneno?
Akajibu: huu ni ukuta. Nimeukodi hadi Alhamisi.

Hapo ndipo nadharia ilipomshika, kama homa.
Al-Khuwair, chumba juu ya benki, aliwahutubia watu watano,
mmoja wao fundi wa kiyoyozi, aliyekuja kutengeneza akakaa:

"Kwa Kiswahili picha hupigwa.
Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga hodi, tunapiga mtu.
Kwa Kiarabu, Mwenye kutia sura ni jina la Mola.
Nimelelewa kati ya kitenzi kinachoumiza
na kitenzi nisichokistahili.
Ndiyo maana naandika chini ya picha:
nataka kujua aliyepigwa ni nani."

Fundi akainua mkono, bisibisi ikiwa bado kidoleni:
"Na hodi je, mama? Hodi inamuumiza nani?"

Alinyamaza. Kiyoyozi kikadondosha maji.
Daftari lake la siku ile lina neno moja,
limepigiwa mstari mara tatu.

Tangu hapo akawa mtu wa milango.
Fleti za Mabela, ngazi hadi ngazi: akifunguliwa, alishukuru akaondoka;
asipofunguliwa, alipiga picha ya mlango.
Chini yake saa, na alichokisikia ndani:
mtoto anakataa kula.
Maji.
Mtu anauliza "nani?" kwa lugha mbili, ya tatu anaimeza.
Sharja wakanunua. Doha wakamwalika,
wakamlaza ghorofa ya thelathini;
akarudi na picha moja, ya kitasa.

Lakini niipendayo mimi haikupata mnunuzi.
Harusi, Wete, watu kumi na wanane,
na penye kichwa cha mama yake pana tundu la mraba.
Mwaka ule wa kutafuta hati za kusafiria
pesa ya studio haikuwapo, mkasi ulikuwapo.
Kichwa kikavuka bahari kwenye karatasi,
kiwiliwili kikabaki kimeshika maua.
Aliining'iniza katikati ya chumba, kioo mbele, kioo nyuma.
Chini: Hodi.

Mtoto wa mlinzi akaja upande wa pili
akaubandika uso wake kwenye tundu.
Nikachukua kitambaa nifute alama ya pua.
"Iache," alisema. Ndiyo ipo mpaka leo.

Sasa ana mtoto wa jicho, macho yote mawili,
na hataki kupasuliwa; anasema bado wanazoeana.
Huandika maelezo kwanza,
kisha hunituma mimi nikaitafute picha yake.
Jana amenipa haya, kwa herufi kubwa, zimepanda juu ya mstari:
"Kilichokuwa kimefungwa kwa kamba hii."

Nimezunguka soko la Matrah tangu asubuhi.
Kamba nimeziona, tele.
Kamera ingali shingoni, imefumba.