Uzito wa Begi

Nilidhani ni vitabu.
Kila alasiri aliposhusha begi kwenye ngazi
mbao zililia, nami nikajisifu moyoni:
binti yangu anabeba elimu.

Kumbe mawe. Vipande vya sleti, kimoja kila siku,
walivyomtilia wakati wa chakula,
na juu ya kila kimoja neno limekwaruzwa kwa msumari.
Maneno hayo siyaandiki hapa.
Kwa nini hukuvitupa njiani? nilimuuliza.
"Ningevitupa, wangeviokota."
Droo ya chini kabisa, chini ya soksi za baridi:
arobaini na saba.

Hapa Blaenau mji mzima ni sleti,
mapaa, kuta, vilima vya makapi nyuma ya nyumba,
na mvua inayoyang'arisha makapi
hadi uyadhanie mali.
Babu zetu waliupasua mlima kwa patasi
vikapatikana vibao, watoto wa nchi za mbali
wakajifunzia a, e, i, o, u.
Sikujua kibao huweza kurudi shuleni namna hii.

Mwalimu mkuu alinikaribisha chai.
"Watoto ni watoto, Bi Nerys," akasema,
akatazama saa. Alikuwa nazo mbili, mkononi na ukutani.
Akazitazama zote.

Basi usiku, nikitoka zamu ya kufua mashuka ya hospitali,
naketi na Idwal, kompyuta katikati yetu kama mgonjwa.
Shule tatu, zote za mtandaoni, hata moja haina geti.
Ya kwanza, ada yake ni paa jipya.
Ya pili inataka sare. Sare, Idwal, jikoni mwetu!
Na tai, kwa mtoto aliyeburutwa kwa tai
korido nzima.
Ya tatu ina picha ya msichana
anayeichekea kompyuta peke yake. Nani hucheka hivyo?
Nimemkodolea macho hadi chai ikapoa.

Idwal anasema tunamficha.
Anasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.
Ulimwengu umeshamfunza, namwambia:
kupita nyuma ya jengo la michezo,
kula mkate chooni, miguu juu,
kujicheka mapema kabla hawajamcheka.
Sasa mwache afunzwe aljebra.
Hakujibu. Alifungua bomba, akalifunga.
Naye alisoma palepale; kuna jambo kuhusu mkono wake wa kushoto
ambalo miaka kumi na sita ya ndoa
sijaambiwa.

Nami naogopa, msidhani siogopi.
Naogopa chumba kitamzoea.
Naogopa siku atakayosema "marafiki zangu"
akimaanisha vidoa vya kijani kando ya majina.
Naogopa wale waliobaki kule
wakitafuta begi jingine.

Asubuhi nikampigia simu mwalimu wa shule ya tatu,
maswali yangu nimeyapanga: mitihani, ada, maabara.
Heledd aliegemea jokofu, kimya kama kawaida,
kisha akainamia simu:
"Naruhusiwa kuzima kamera?"
"Unaruhusiwa," sauti ikasema. "Hata mwaka mzima.
Ila nitakuita jina kila asubuhi,
nawe uniitikie, hata kwa herufi moja."
Maswali yangu mengine niliyasahau.
Ada nilitajiwa baadaye. Nikakohoa.

Jumapili tukaisogeza dirishani meza ya marehemu mama mkwe.
Inacheza, mguu mmoja mfupi.
Idwal akakunja gazeti. Halikutosha.
Akakunja la pili, likawa nene mno.
Heledd akapanda juu, tukasikia droo,
akarudi na kipande kimoja,
akakipachika chini ya mguu, maandishi yakitazama sakafu.
Akaitikisa meza.
Imetulia.
Bado arobaini na sita.