Ukanda wa Kumi na Nne

Mama aliuza makaa Kariobangi,
nikaenda shule na masizi kwenye kucha.
Leo, Chiromo, kwa glavu mbili na barakoa,
napima masizi mengine kwenye mizani ya kioo:
mirija ya kaboni, myembamba hivi
kwamba unywele wangu ni gogo kando yake.

Nusu asilimia tu. Ukizidisha
inafanya mabonge, kama uji uliokorogwa kwa pupa.

Wanga wa muhogo peke yake hukata tamaa upesi:
mashine inavuta, Ogutu hajamaliza kupiga chafya,
ukanda umekatika.
Wa kumi na nne ulivutwa, ukanyooka, ukang'ang'ana.
Ogutu akaubatiza Syombua, jina langu,
tukacheka hata mlinzi akachungulia.

Niliuzika nyuma ya maabara, karibu na mfereji,
siku tisini, vuli nzima ikipita juu yake.
Nikafukua kwa kijiko cha chai.
Muhogo umeliwa wote. Udongo umeshiba.
Lakini kwenye chujio ulibaki weusi,
haba, kama wanja uliofutwa vibaya.

Kilichoupa nguvu hakikuoza.

Siku hizi Mama analima sukuma kando ya mto,
anang'oa mifuko ya kale kwenye mizizi
akiwalaani walioitengeneza.
Jumapili ataniuliza: na wako, utaoza?

Nimeandika daftarini: umeoza.
Nimefuta. Nimeandika: sehemu kubwa.
Kalamu imesimama hapo.
Navua glavu, natazama kucha.