Mzima Taa

Kabla sijamwona nilimsoma kwenye orodha ya zamu:
chumba cha tisa, sukari, moyo, miguu kuvimba,
na jina refu kama treni ya mizigo:
Spegnilume, Ermete.
Nikajikwaa pale kwenye g na n.
Akacheka hadi meno ya bandia yakamponyoka.

Kumbe ni *nyi* tu, nyi ya nyigu, nyi ya nyinyi,
sauti iliyoishinda Bedford nzima miaka sabini,
nami nilizaliwa nayo mdomoni.
Spe-nyi-lu-me. Nililisema mara moja likakaa.
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa mwavuli wake
na abiria asiyemjua.

*Spegni*, zima. *Lume*, taa.
Lugha yake huunga maneno kama yetu
tunavyounga kifunguamimba na kitindamimba.

Asili yake? Kule kwao milimani walibishana.
Wapo waliosema babu wa mababu alihudumu kanisani,
ana ufito mrefu wenye kikombe cha shaba nchani,
akiikaba mishumaa mmoja mmoja watu wakishatoka.
Shangazi Assuntina alikataa: ubahili huo!
Mafuta ya zeituni ni ya mkate, si ya utambi. Lala.
Na jirani mmoja, mwenye kinyongo cha shamba,
alisema ni jina la mtoto aliyeokotwa mlangoni
usiku ambao kila nyumba ilijifanya imelala.
Ermete hachagui.
"Jina ni kama pua," anasema, "huulizwi."

Alikuja mwaka wa hamsini na nne, kwa mkataba wa matofali.
Kwenye bahasha ya mshahara akawa Speggy,
akawa Lumley, akawa mia sita kumi na nne.
Ijumaa moja akaokota msumari
akachora jina lake zima, herufi kumi,
kwenye tofali bichi, akalisukuma tanurini.
Likatoka jekundu. Likapakiwa na wenzake.
Lipo, anaapa, kwenye ukuta wa mtu,
Luton au Leicester, uso umegeukia ndani,
na kuna mke na mume wanaolala wakilipa mgongo.

Kitabu cha simu cha mwaka wa sabini na mbili kina watatu.
Mmoja ni yeye. Wa pili, kaka yake Nunziato, kazikwa Foster Hill.
Wa tatu alivuka kwenda Toronto akalikata jina,
siku hizi ni Lume, anauza vigae.
Binti yake Ornella ni Bi. Pettifer.
Na kule kijijini?
"Tumebaki kwenye mawe," anasema, "na mawe hayazai."

Mimi ni Mwanakheri. Shee ni baba yangu,
si ukoo, ni mzee mmoja tu mwenye kikohozi,
lakini fomu ya viza haikuacha nafasi ya kueleza.
Kwa hiyo wanangu ni akina Shee,
na wana wao watakuwa akina Shee,
ukoo uliozaliwa dirishani, uwanja wa ndege,
kwa muhuri wa kijana aliyekuwa anapiga miayo.
Simwambii Ermete hili. Ningeonekana najigamba.

Nimemfundisha salamu.
Nikiingia namuuliza: u mzima?
Naye: mzima.
Juzi nikamweleza kwamba kwetu neno hilo ni moja,
mzima aliye hai,
na mzima anayezima.
Akanyamaza muda mrefu. Redieta ikagonga.
"Rudia," akasema. Nikarudia.
"Mmoja huyohuyo?"
Neno hilohilo, babu.

Leo saa nne usiku nimempa vidonge,
nimemfunika miguu, nimefuta maji mezani.
Nizime?
"Acha," akasema. "Hiyo kazi ya ukoo."
Akapapasa ukutani kutafuta kamba ya swichi,
akaikosa,
akapapasa tena.