Saini ya Pili

Ngazi ilikuwa imeloa.
Hiyo ndiyo sababu, na sina nyingine ya kuongeza:
mvua ya Ilemela, saa tisa usiku,
ngazi ya hatua saba.

Shija alishuka akifuta mikono, akasema, "Tayari."
Miaka kumi na mmoja Shija akisema tayari, huwa tayari.
Simu ilikuwa imelia mara tatu mfukoni mwake:
Sekou Toure, wodi ya wazazi, mtoto wa kike.
Nikamwambia kimbia, mimi namalizia.
Kumalizia kwenyewe kulikuwa kalamu.
Nikauma tochi, nikaegemeza karatasi kwenye tairi,
nikatia saini
chini ya neno NIMEKAGUA.

Ilipaa asubuhi na watu sitini na wanane.

Aliyeona hakuwa rubani.
Alikuwa Mama Mbuke, mnunuzi wa dagaa wa Kirumba,
mwenye mashine mbili za mtumbwi
na kidole kinachoijua oili hata gizani.
Aliona mstari mweusi ukitambaa juu ya injini ya kushoto,
mwembamba, kisha mpana kama mkeka.
Akamshika mhudumu mkono:
"Mwanangu, ile haitoki jasho.
Ile inatapika."

Mimi nilikuwa karakana, nakunywa uji.
Iliondoka na sauti mbili;
ikarudi kutoka upande wa Ukerewe na moja,
pangaboi la kushoto limesimama
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Kikombe sikumbuki nilikiweka wapi.

Kifuniko tulikikuta kinaning'inia kwenye mnyororo wake
kama hereni.

Watu wakasema Mungu mkubwa. Ni kweli.
Lakini karatasi ile haikuwa na saini ya Mungu.
Wakauliza nani hakukaza. Shija akasema, mimi.
Wakauliza nani hakupanda.

Siku hizi, nyumbani Nyakato, mke wangu ananung'unika:
chupa ya chai haifunguki,
kopo la sukari mpaka kisu,
watoto wanakwenda shule na kiu, maji wanayo mkononi.
Nakaza. Napita, narudi, nakaza tena.
Usiku naamka kugusa mtungi wa gesi,
na chumba kizima kimelala.

Leo alfajiri nilitaka chai.
Nimeizungusha ile chupa kwa kitambaa, kwa magoti, kwa meno.
Hata mimi nimeshindwa.