Herufi Tano

Kiboriloni, saa nne usiku.
Mashine imegoma katikati ya jina:
NDESHU
na msalaba unatakiwa kesho kabla ya misa.

Mota ya Y inanguruma, haizunguki.
Nikamgeukia Elirehema: umeilemea mno!
Hakujibu. Akazima umeme,
akahesabu kimoyomoyo hadi thelathini,
akabadilisha nyaya, ya Y kwa X, ya X kwa Y.

Iliyokufa ikaamka.
Iliyo nzima ikaanza kutetemeka.

Kumbe draiva,
kibao kisichozidi kidole gumba,
chipu imetoboka katikati,
inanuka kama nywele zilizoungua.

Jana niliuchomoa waya ule umeme ukiwaka.
Nilikuwa na haraka. Sikumwambia mtu.

Duka la vipuri liko Arusha, nalo limefungwa.

Elirehema ananipa patasi,
anashika tochi.
K. U.
Mkono wangu haujui kunyoosha R.