Mbao za Desemba

Nilinunua mbao Kiborloni wiki ya pili ya Desemba,
sitini na nne, sita kwa moja, futi kumi na mbili,
zikiwa bado zinanuka utomvu.
Muuzaji alizipiga kofi kama ng'ombe wa mnada:
"Kavu hizi, dada. Zimelala hapa tangu Pasaka."
Nikagusa. Kiganja kikarudi na unyevu.
Nikalipa.

Ningefanyaje? Tarehe ishirini na tatu
wenye magari wangepanda Kibosho,
kaka Kundaeli na wakwe zake wa Dar,
na chumba cha mama kilikuwa hakijavikwa ukuta,
fremu imesimama uchi kama mbuzi aliyechunwa.
Fundi Ndelilio alizinusa, akatema mate pembeni.
"Hizi bado zinakunywa maji.
Zipe miezi mitatu kivulini, na vijiti katikati."
Nilizipa siku nne.

Ukuta ukasimama. Ulipendeza, sisemi uongo.
Tukaupaka oili chafu, ukang'aa kama kiatu cha kipaimara.

Siku ya Krismasi, machalari mezani yanafuka,
kaka amefumba macho, anaombea chakula
na waliotutangulia, mmoja mmoja kwa jina,
ndipo msumari wa kwanza ulipochomoka:
ta!
Wakwe wakafumbua macho. Kaka akaendelea.
Alipofika kwa bibi Ndeanasia: ta! tena.
"Amina," mama akasema,
ingawa sala ilikuwa bado katikati.

Januari magari yakashuka,
yakatuachia makreti matupu na jua.
Jua la Januari halina adabu.
Ubao mmoja ulijikunja kama ulimi wa mtu apigaye mluzi,
mwingine ukajisokota,
kichwa kinatazama Kibo, miguu inatazama Moshi mjini.
Kifundo cha ule wa tano kikadondoka, kikaacha tundu;
kuku akachungulia, akaondoka.

Nilirudi Kiborloni. Muuzaji anakunywa chai.
"Mbao ikishapigwa msumari, dada, imeolewa.
Hairudi kwao."

Ndelilio alikuja na randa, wala hakunicheka,
jambo lililoniuma zaidi.
Aling'oa kumi na saba.
Akaniinamisha nione mwisho wa ubao,
pete za mti, upinde juu ya upinde.
"Ubao hukunjika kuukimbia moyo wake.
Moyo ungetazama nje, kingo zingeshika ukuta.
Nusu niligeuza mimi mwenyewe.
Ulikuwa unanihesabia saa."

Zilizopinda kidogo tulizilaza juu ya majani mabichi,
upande wenye bonde chini, jua mgongoni,
na mawe ya mtoni juu yake.
Zilizopinda sana tukazikata fupi, za kati ya dirisha na dirisha;
ubao mfupi hauna nafasi ya kudanganya.
Mbili zilizojisokota zikaenda zizini.
Mbuzi hawana pima maji.

Wiki tatu tulizigeuza kama chapati.
Tulipozirudisha, tuliacha upenyo
wa unene wa sarafu kati ya ubao na ubao, zipumue.
Mwezi mzima sikusikia ta.

Ulibaki mmoja tu, upande wa kitanda cha mama,
umeachana na mwenzake upana wa vidole viwili.
Ndelilio alishachomeka tindo
mama alipogonga fimbo sakafuni.
"Uacheni huo.
Hapo naona geti."

Tukauacha.
Asubuhi nikimpelekea uji namkuta amegeukia pale,
mstari wa mwanga umemkata shavu.
Ananiambia nani amepita kwenda gulioni,
nani amenyoa,
nani amebeba mkungu wa mtu,
na kwamba hakuna gari.