Kitasa

Miaka thelathini na mmoja nimefungua milango
katika tamthilia za saa tisa alasiri, Buenos Aires,
aproni nyeupe kiunoni na jina la kuazima:
Ramona, Eulalia, Chela, kisha Ramona tena.
"Bwana yuko maktabani."
"Bibi hapokei wageni leo."
Hayo ndiyo niliyopewa kusema. Ujira wake
ulitosha kodi ya vyumba viwili mtaani Boedo
na viatu, maana kazi ya kusimama hula visigino.

Nyuma ya mlango hapakuwa na nyumba.
Palikuwa na nyaya, ndoo ya rangi, na fundi Eusebio
aliyeuegemeza ule ubao begani usitikisike
huku akitafuna mkate, makombo yakimdondoka kifuani.
Na nje hapakuwa nje:
waridi za kitambaa, jua la balbu.
Kila siku nilitoka pasipo na kitu
kumkaribisha mtu aliyetoka pasipo na kitu,
na kati yetu kitasa, shaba ya kweli, baridi ya kweli.
Nikaanzia hapo.

Mdai hufunguliwa nusu, unyayo ukiuzuia ubao kwa ndani.
Mchumba wa binti hufunguliwa kabla hajapiga hodi,
mjakazi kamsikia akija tangu juzi.
Daktari, pokea mkoba kwanza, kofia baadaye.
Padri, futa kiganja kwenye aproni
hata kama ni kikavu.
Sikusomea popote. Mama yangu alifungulia watu mlango
kule Recoleta miaka kumi na minne,
na hakuna aliyewahi kumwelekezea taa.

Ule mwaka bei zilipopanda asubuhi na jioni,
tukilipwa saa tano na kukimbilia unga kabla ya saa sita,
iliandikwa kwenye karatasi: *Mjakazi anafungua.*
Basi. Maneno mawili.
Mlangoni kasimama mwana wa nyumba,
aliyekwisha kuombewa misa, aliyekwisha kugawiwa makoti.
Mimi nilijua ni yeye. Nilikuwa nimesoma.
Nilimwona muda huohuo akikwaruza gundi ya ndevu zake.
Lakini Ramona hakuwa amesoma.
Nikaweka mkono kwenye kitasa
nikasubiri mpaka na mimi nisijue.

Moja.
Mbili.
Eusebio akaacha kutafuna.

Ndipo nikafungua.

Grinberg, mwongozaji, alinifokea hadi miwani ikamwanguka:
sekunde nne! nani kakupa sekunde nne!
Hakurudia kupiga, lakini. Mkanda ulikuwa ghali.
Zikabaki, zikaenda hewani,
na tuzo ya mwaka akapewa Leticia Ansorena
kwa kilio chake juu ya ngazi.
Sisemi kwa kijicho. Alilia vizuri,
ingawa mentoli aliyojipaka chini ya macho
niliinusa mimi kutoka sebuleni.

Hunisimamisha madukani, wachache siku hizi,
wakaniuliza kama nilitamani kuwa yule wa ngazini.
Nilitamani. Niongope nini, nina miaka sabini na minne.
Nilikariri maneno yake yote jikoni kwangu
nikayasema kwa sufuria.
Kisha maziwa yakafurika, nikafuta jiko.

Jumanne huja kijana wa maji ya soda, Nahuel,
chupa sita kwenye kreti ya mbao,
ghorofa tatu, lifti imekufa tangu Pasaka.
Hubisha mara mbili, kwa ncha ya kiatu, mikono imejaa.
Ni yeye. Hawezi kuwa mwingine.
Deni lake nimeliweka mezani, limehesabiwa.
Nakokota miguu hadi ukumbini,
naweka mkono kwenye kitasa.

Nje chupa zinagongana.
Bado sijui ni nani.